Kurejea barua iliyotangulia
Kurejea barua iliyotangulia ni desturi ya mawasiliano katika ofisi za Tanzania, zikiwemo halmashauri za Masasi na Newala mkoani Mtwara, ambapo anayejibu hanakili maneno ya mwenzake bali, chini ya kichwa cha habari kinachoanza na “Yah:”, yaani yahusu, huitaja barua hiyo kwa tarehe na kumbukumbu namba yake, inayofupishwa “Kumb. Na.”. Ufupi huo hutegemea masjala, ofisi itunzayo majalada, ambako barua za shauri moja hufungwa pamoja kwa mfuatano. Jalada likipotea, rejeo hubaki namba tupu. Barua pepe, inayoweza kubeba ujumbe wa awali wote, huleta kero nyingine ya maneno ya zamani kurundikana chini ya jibu la mstari mmoja, hivyo adabu yake ni kubakiza sehemu inayojibiwa tu, bila kuibadili.