Kutoka Mirembe Hadi Mkuyuni

Mjini kijana akitaka kumtukana mwenzake hahitaji maneno mengi. "We vipi, wa Mirembe nini?" Watu wanacheka, daladala inaondoka. Mimi sicheki. Mjomba wangu alilazwa Mirembe kweli.

Hebu turudi nyuma kidogo, ndugu msomaji. Hospitali ya Mirembe, kule Dodoma, ilianzishwa mwaka 1927 wakati wa utawala wa Waingereza. Enzi hizo shabaha kubwa ilikuwa kumtenga mgonjwa na watu. Lakini Lutindi, milimani Usambara, kulikuwa na njia nyingine. Wamisionari wa Kijerumani walianzisha kituo hicho mwaka 1896 kwa ajili ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 wakaanza kupokea wagonjwa wa akili. Huko kazi za mikono, shamba likiwemo, zikawa sehemu ya tiba.

Baada ya Uhuru wazo hilo lilirudi: vikaanzishwa vijiji ambamo wagonjwa waliishi na kulima. Kisha, miaka ya 1980, mpango wa taifa wa afya ya akili ulijaribiwa katika mikoa miwili, Kilimanjaro na Morogoro yetu hii, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani na Denmark. Nia ilikuwa tiba ipatikane kwenye vituo vya afya na zahanati, karibu na nyumbani.

Nyumbani kwetu ni Mkuyuni, njia ya Matombo. Kwa Waluguru ukoo hufuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba si mtu wa pembeni. Akiyumba yeye, nyumba nzima imeyumba.

Aliporudi alikuwa kimya. Bibi akampa ungo wa maharage. "Tazama maharage, mwanangu. Ya jana yaache jana." Basi kila asubuhi anachambua: jiwe huku, haragwe huku. Mawazo yakimvuta, anarudisha macho kwenye ungo. Akioga, anasikia maji. Akishuka shambani, anahesabu hatua.

Mwaka 1979, huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza kuwafundisha wagonjwa hospitalini kutuliza akili kwenye jambo la sasa: pumzi, mwili, hatua. Leo mafunzo ya aina hiyo yameenea duniani. Bibi hakuwahi kumsikia.

Lakini tusidanganyane. Kuna mwaka Mjomba alijiona mzima, akaacha vidonge, akabaki na ungo tu. Akaanguka vibaya. Bibi hakumwambia akazane kutulia. Alimshika mkono hadi zahanati, akaanza dawa upya. Aliporudi, ungo ulikuwa unamsubiri palepale.

Hapo ndipo nilipoielewa historia hii. Ukuta peke yake haukuponya mtu. Jembe peke yake halikutosha, wala vidonge peke yake. Mtu anasimama pale dawa, kazi ndogo ya kila siku na watu wake vinapokutana mahali pamoja.

Nanyi waandishi wenzangu, tunapotafuta kichekesho cha haraka kwenye hadithi, mara nyingi tunamwita "mwendawazimu" aje achekeshe, halafu tunamtoa. Safari nyingine tumwachie nafasi akae. Tumpe na ungo.

Mjomba bado anachambua maharage. Nikifika asubuhi simsemeshi kwanza. Nakaa kando yake, nachota kiganja changu, naanza: jiwe huku, haragwe huku.