Tarehe ya Wachokoa Pweza wa Makunduchi

Asili ya uvuvi wa miguu kusini Unguja ni Makunduchi, na wenyewe ni wanawake. Naiandika tarehe hii kwa kuwa barazani maneno yamezidi: wapo wanaodai kuwa mvuvi ni mwenye ngalawa, na mwanamke huenda pwani kuokota tu.

Msikiti wa Kizimkazi Dimbani una maandishi ya mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Mchokoo, mti wetu wa kuchokolea pweza, hauna maandishi, lakini wazee wetu wamepokea kwa wazee wao kwamba kabla ya mtumbwi wa kwanza kuchongwa, mchokoo ulikwishakuwapo. Nao wamesema kweli, maana majabali yetu ni makali, na mahali pengi chombo hakipiti, mguu hupita.

Bamvua likiingia, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hukauka kiasi cha saa nne asubuhi. Bibi hujifunga kibwebwe, akashuka na mchokoo wake. Hamtafuti pweza, hutafuta mlango wake: shimo lenye makombe mapya na magamba ya kaa yaliyorundikwa nje. Huchokoa taratibu; pweza akiukumbatia mti, humvuta, akakigeuza kichwa chake ndani nje, naye akafa papo hapo. Kisha humpiga juu ya jabali mpaka alainike.

Kizimkazi wanavua. Jambiani wanavua.

Na hapa sina budi kusema. Pweza jike hutaga mara moja tu katika umri wake. Akishataga hujifungia pangoni, akiyapuliza maji mayai yake, hali kitu, mpaka yaanguliwe, ndipo afe. Mama alinifunza: ukiona mayai, lifunike shimo, pita. Leo vijana wa miwani huzamia wakamtoa na mayai yake. Hao wamejipalia makaa kama pweza mwenyewe, kwani mwakani watachokoa mashimo matupu.

Turudi kwenye tarehe. Mwaka 1989 kilimo cha mwani kilianza Paje na Jambiani, kikaenea, na wanawake wengi wakashika kamba na vigingi. Ikasemwa kwamba mchokoo umekufa. Bei ya mwani iliposhuka na mwani wenyewe ukaoza kwa joto la maji, mchokoo ndio uliolisha watoto.

Anayebisha na aje bamvua lijalo, saa nne, asimame Makunduchi autazame mwamba: ahesabu ni nani walioinama.