Injini Ikifa, Mpya Itoke Wapi?

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, injini ya gari ikifa, na fundi akishafuta mikono yake na kutikisa kichwa, swali la kwanza la mwenye gari huwa ni moja: je, naweza kupata yenye nguvu zaidi? Si swali baya. Lakini ni swali linaloanzia mwisho. Ipo historia ya gari moja dogo la Uingereza inayotuonyesha kwamba katika kuchagua injini mpya, nguvu huja nyuma. Mbele yake yako mambo matatu: uzito wa injini hiyo, nafasi ya kuiweka, na lile ambalo watu wengi hulisahau, yaani kama huyo anayeitengeneza atakuwapo kesho.

Gari lenyewe ni Lotus Seven. Lilianza kuuzwa mwaka 1957, na aliyelibuni ni mhandisi Colin Chapman. Ukilitazama huoni kitu cha kutisha. Ni fremu ya mabomba membamba iliyofunikwa kwa bati la alumini, viti viwili, magurudumu manne, na paa la turubai kwa anayetaka. Uzito wake haukufika kilo 500. Tena liliweza kununuliwa vipande vipande, mnunuzi akaenda kuliunga mwenyewe nyumbani. Sababu yake ilikuwa ya kifedha. Wakati ule serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari lililokwisha kuundwa, lakini haikuitoza juu ya vipande. Kijana mwenye mshahara mdogo na sanduku la spana aliikwepa kodi hiyo kihalali kabisa, akapata gari la mbio.

Sasa sikiliza vizuri. Anayeuza gari kwa vipande hawezi kumlazimisha mnunuzi atumie injini fulani tu. Na Chapman wakati huo hakuwa na kiwanda cha kutengeneza injini. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza gari hili lilikuwa nyumba iliyojengwa kumpokea mgeni. Mgeni alibadilika mara kwa mara, nyumba ilibaki.

Mgeni wa kwanza alikuwa injini ya Ford ya cc 1172, ya chuma tupu, ya mtindo wa zamani ambao vali zake zilikaa ubavuni mwa silinda. Nguvu zake zilikuwa kama za farasi 40 hivi. Ilichaguliwa kwa kuwa ilikuwa rahisi, spea zake zilipatikana kila mji, na yalikuwapo mashindano maalumu ya magari yenye injini hiyo hiyo. Wengine walitumia injini ya cc 948 ya kampuni ya BMC, ndugu wa ile iliyokuwa ndani ya Morris Minor, gari ambalo wazee wetu wengi wanalikumbuka.

Mgeni wa pili ana kisa cha kupendeza zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya Uingereza ilihitaji pampu za kuzimia moto ambazo zimamoto wangeweza kuzibeba kwa mikono. Kampuni ya Coventry Climax ikatengeneza injini ya alumini, nyepesi mno kwa wakati wake. Watu wa magari ya mbio walipoiona wakang'amua jambo: injini inayobebeka na watu haiwezi kuwa mzigo kwa gari. Ikafanyiwa marekebisho, ikafikishwa cc 1098 na nguvu za farasi 75 hivi, na mwaka 1958 ikawa ndani ya Seven. Mashine iliyotengenezwa kuzima moto ikawa inawasha moto viwanjani. Kasoro yake ilikuwa bei. Walio wengi walibaki na chuma cha Ford.

Kwa nini tunausema sana uzito? Hebu tufanye hesabu ndogo. Chukua gari la kilo 500 lenye nguvu za farasi 80, na jingine la kilo 1,000 lenye nguvu za farasi 160. Kwenye barabara iliyonyooka yatafukuzana, maana kila farasi anavuta mzigo ule ule. Lakini fikeni kwenye kona, au mahali pa kufunga breki. Lile zito lina mzigo mara mbili wa kuzuia na kugeuza. Nguvu humsaidia dereva anapokanyaga mafuta tu. Wepesi humsaidia muda wote.

Basi mwenye gari la kilo 500 akitia injini iliyozidi ya zamani kwa kilo 50, amempakia abiria asiyeshuka, tena amemkalisha juu ya magurudumu ya mbele. Usukani unakuwa mzito. Springi za mbele zinalala, inabidi zibadilishwe. Breki hazitoshi. Na kama injini hiyo ina nguvu nyingi kuliko ile ya kwanza, giaboksi na ekseli ya nyuma, vilivyopimwa kwa farasi 40, vitaanza kulia. Ukishavibadilisha hivyo navyo, uzito umeongezeka tena. Umeanza na injini, umemalizia na gari jingine, na mfuko umetoboka.

Mwaka 1959 Ford walitoa injini mpya katika gari la Anglia, ya cc 997. Ukoo wa injini hiyo, unaojulikana kwa jina la Kent, ulikua mwaka hadi mwaka: cc 1340, cc 1498, na mwaka 1967 ukafika cc 1599. Kila ilipokua, Seven nalo lilikua. Injini hizi sisi wa Afrika Mashariki si wageni nazo. Ile ya cc 1498 ndiyo iliyokuwa ndani ya Ford Cortina GT ya Peter Hughes na Billy Young waliposhinda mbio za East African Safari mwaka 1964. Na mwaka 1972 Hannu Mikkola na Gunnar Palm waliposhinda mbio hizo kwa Ford Escort, injini yao ilikuwa imejengwa na Cosworth juu ya bloku ya ukoo huo huo. Injini iliyopita katika vumbi na matope yetu haikuhitaji cheti kingine cha uvumilivu. Mwenye Seven alipata injini iliyotengenezwa kwa maelfu, iliyojulikana kwa kila fundi, na ambayo spea zake hazikuwa za kutafutwa kwa tochi.

Mwaka 1973 mambo yaligeuka. Uingereza ilileta kodi ya ongezeko la thamani, na ile faida ya kununua vipande ikatoweka. Chapman naye alikuwa anataka kutengeneza magari makubwa zaidi na ya bei zaidi. Akauza haki za Seven kwa Graham Nearn, aliyekuwa akiyauza magari hayo katika mji wa Caterham, kusini mwa London. Tangu hapo gari likaitwa Caterham Seven. Nearn alirithi gari na wateja wake, na pamoja navyo alirithi tatizo. Injini ya Twin Cam, ambayo Lotus wenyewe waliitengeneza juu ya bloku ya Ford, ilianza kuadimika, kwa sababu Lotus hawakuihitaji tena. Caterham wakategemea injini ya kawaida ya Ford ya cc 1599.

Lakini hata Ford hawakusimama mahali pamoja. Magari madogo ya Ulaya yalikuwa yanahamia kwenye mtindo wa kuvutwa kwa magurudumu ya mbele, na injini zake zikalazwa kwa kukingama, ubavu kwa ubavu. Seven linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na injini yake hukaa kwa urefu. Hapo ndipo swali la nafasi linapoingia. Injini ya kukingama ukiigeuza, bomba la moshi huenda likaja upande wa usukani, chombo cha oili chini yake kinaweza kuwa kirefu mno kiasi cha kugusa barabara, na mahali pa kuifungia giaboksi hapalingani. Kila kimoja kina dawa yake, lakini kila dawa ina bei yake. Juu ya hayo, mwanzoni mwa miaka ya 1990 sheria za moshi zilizidi kukazwa Ulaya, na ile injini ya zamani yenye kabureta haikuweza tena kuzifuata.

Caterham wakatafuta mgeni mwingine. Waliotaka nguvu nyingi walipewa injini ya Vauxhall ya lita mbili, yenye bloku ya chuma. Lakini mwaka 1991 ilikuja ile iliyolifaa gari hili hasa, injini ya Rover iitwayo K-Series. Yote ilikuwa ya alumini, na vipande vyake vilishikwa pamoja na boliti ndefu zilizopita kutoka juu hadi chini. Ilikuwa nyepesi, na kwa gari kama Seven ilikuwa jawabu. Sifa yake ilikuwa pia mwanzo wa aibu yake. Ilibeba maji machache, na maji hayo yakipungua kidogo tu, joto lilipanda upesi. Injini hiyo ikapata jina baya la kuunguza gasketi ya silinda hedi. Hata hivyo wenye magari mepesi waliipenda, wakajifunza kuitunza.

Kilichoiondoa kwao hakikuwa gasketi. Mwezi wa Aprili mwaka 2005 kampuni ya MG Rover ilifilisika. Kiwanda cha Longbridge mjini Birmingham kilisimama na maelfu ya wafanyakazi wakapoteza kazi zao. Mali za kampuni zikanunuliwa na kampuni ya Nanjing ya China. Karakana ndogo kule Caterham, ambayo haikuwa na kosa lolote katika hesabu za Rover, ikajikuta haina mahali pa kuagiza injini. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, walisema wahenga. Lotus wenyewe, ambao nao walitumia injini hiyo katika gari lao la Elise, walikuwa wamekwisha kuanza kugeukia Toyota mwaka 2004.

Caterham hawakufa. Walirudi kwa Ford na kuchukua injini zilizoitwa Sigma na Duratec, zote mbili za alumini. Lakini kurudi kwa jamaa wa zamani si kuoana naye. Mwaka 2020 kiwanda cha Ford cha Bridgend huko Wales, kilichokuwa kikiitengeneza Sigma, nacho kikafungwa. Swali la mwaka 1973 na la 2005 likabisha hodi tena.

Wapo waliodhani jawabu ni pikipiki. Watengenezaji wengine wa magari ya aina hii, kama Westfield, waliweka injini ya Suzuki Hayabusa ya cc 1299. Ni nyepesi, na giaboksi yake imo ndani kwa ndani. Lakini injini ya pikipiki hutoa nguvu zake inapozunguka kwa kasi sana, na kuondoka taratibu kilimani kunaitesa klachi yake. Tena giaboksi hiyo haikutengenezewa gia ya kurudi nyuma. Kwa kiwanja cha mbio inafaa. Kwa mtu anayetaka kwenda sokoni na kuegesha gari, atatafuta vijana wa kusukuma.

Jawabu la kuvutia zaidi lilitangazwa mwaka 2013: injini ya Suzuki ya cc 660 tu, ya silinda tatu, yenye tabo, iliyotengenezwa kwa ajili ya magari madogo ya Japani. Nguvu zake ni za farasi 80. Kumbuka ile ya pampu ya zimamoto ya mwaka 1958 ilikuwa na farasi 75. Baada ya miaka 55 wamerudi karibu na pale pale, kwa injini ndogo zaidi, na gari ambalo bado halifiki kilo 500. Wale waliolitaka halikuwavunja moyo, maana lilibaki kuwa lile lile waliloliona kwa Chapman.

Sasa umefika wakati wa umeme. Mwaka 2023 Caterham walionyesha gari la majaribio lenye betri, wakijiwekea lengo la kutozidi kilo 700. Mota ya umeme yenyewe si mzigo. Mzigo ni betri. Mizani ile ile imerudi mezani.

Ndugu msikilizaji, gari hili halikudumu kwa kuwa lilipata injini bora kuliko zote. Lilidumu kwa sababu waliolijenga hawakulifunga kwa injini moja, na kila mgeni alipoondoka walimtafuta mwingine kwa kutazama mizani kwanza. Nawe ukisimama mbele ya injini iliyokufa, usiulize farasi wangapi kabla hujauliza kilo ngapi, itakaaje, na spea utazipata wapi miaka kumi ijayo. Wasalaam.