Waandishi wa Hipona

Tarehe 26 Septemba mwaka 426, katika mji wa Hipona, nchi iitwayo leo Algeria, askofu Augustino, mzee wa miaka 71, alimtaja padri Eraklio mbele ya Wakristu kuwa mrithi wake. Akawajulisha kwamba waandishi wa kanisa wanaandika maneno yake na vifijo vyao pia. Nao waliandika kweli: watu walimshukuru Mungu mara 23, wakamwombea askofu wao uzima mara 16. Hata hesabu hawakuipoteza!

Waliwezaje, maana ulimi hukimbia kuliko mkono? Zamani zile vijana walifundishwa shuleni alama fupi, alama moja ikishika neno zima. Walizichora kwa kijiti chenye ncha juu ya vibao vilivyopakwa nta. Sikio lilipokea neno jipya, mkono ungali ukimaliza la kwanza. Baadaye waliyaandika yote kwa herufi kamili.

Augustino mara nyingi alihubiri pasipo maandiko aliyoyatengeneza kwanza. Hata hivyo mahubiri yake zaidi ya 500 yamehifadhiwa, na mwaka 1990 mengine yalitambuliwa katika kitabu cha kale huko Mainz, Ujerumani.