Avata na lagi: pale mwili wako wa mtandaoni unapochelewa kufika

Wadau, avata ni ule mwili unaopewa ukiingia kwenye dunia za ndani ya kompyuta. Mfano unaojulikana sana ni Second Life, iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab ya Marekani mwaka 2003. Humo hakuna mechi ya kushinda. Unaumba mtu wako, unamvika, anatembea, anapaa, anapiga stori na wenzake.

Usidhani ni mdoli tu. Mwaka 2007 watafiti Nick Yee na Jeremy Bailenson wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha majaribio yao. Waliopewa avata zenye sura nzuri walimsogelea mwenzao karibu zaidi na kujieleza zaidi. Waliopewa avata ndefu walikaza zaidi kwenye kugawana pesa. Kumbe ule mwili unamrudia mwenyewe!

Sasa ndo inakuja lagi, yaani kuchelewa kati ya unachobonyeza na kinachotokea. Vyanzo vyake ni vitatu:

1. Njia. Unachobonyeza kinasafiri hadi kwenye seva, halafu jibu linarudi. Kabla nyaya za chini ya bahari hazijafika pwani yetu mwaka 2009, kafe nyingi za Afrika Mashariki zilitegemea setilaiti iliyo kama kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kwenda na kurudi ni karibu nusu sekunde, na hapo bado hujahesabu foleni ya watu kumi kwenye laini moja. Nyaya zimepunguza tatizo, hazijalifuta.

2. Seva. Eneo moja la Second Life lina mita 256 kwa 256, na seva hupiga hesabu zake mara 45 kwa sekunde. Watu wakijaa, hesabu zinaizidi, na eneo zima linakwenda polepole. Hapo hata mwenye laini kali anasota.

3. Mashine yako. Kadi ya picha ikiwa dhaifu, kila unywele na kila mkufu ni mzigo.

Mwili ndo unaoumia. Unabonyeza mbele, unajiona umeshapita mlango, mara unarudishwa nyuma. Zamani, umbo lako lisipopakuliwa vizuri, ulionekana kama mwanamke mmoja wa kawaida aliyejulikana kama Ruth, hata kama wewe ni mwanaume. Baadaye likawekwa wingu badala yake. Na tangu mwaka 2016, avata yenye mapambo mazito inaweza kuonekana kwa wengine kama sanamu ya rangi moja. Umejipamba saa nzima, wenzako hawaoni kitu.

Kibaya zaidi ni adabu. Mtu anakusalimia, jibu lako linafika ameshaondoka, anadhani umemchunia. Kwa macho yake wewe ni kile kilichomfikia tu, basi.

Cha kufanya: punguza umbali wa kuona kwenye mipangilio, vua mapambo kwenye mikusanyiko, funga madirisha mengine. Na mwenzako akikaa kimya, msubiri kwanza kabla hujanuna. Labda salamu yake bado iko njiani.

Je, wewe ulishawahi kuonekana una maringo kumbe ni laini? Tupia maoni yako hapo chini.