Hori

Hori ni chombo cha kulishia mifugo, na habari ya kuzaliwa kwa Yesu katika Luka sura ya 2 inalitaja mara 3. Zizi halimo kabisa. Ng'ombe na punda wa maigizo yetu ya Krismasi wametoka Isaya 1:3.

Na ile nyumba ya wageni iliyojaa? Kigiriki chake ni kataluma, neno lile lile la chumba cha Karamu ya Mwisho katika Luka 22:11. Nyumba ya wageni ya kulipia, alikopelekwa majeruhi na Msamaria mwema, Luka anaiita pandokheion. Nyumba nyingi za wakulima wa Palestina zililaza mifugo ndani, mahori yakiwa ukingoni mwa sebule. Ndiyo maana naamini Maria alijifungulia kwa watu, nyumba imejaa ndugu, kina mama wakimhudumia.