Shetani, Tamaa na Hiari: Maneno Machache katika Historia ya Ukristo wa Karagwe

Mtu aliyekosa, akiulizwa sababu ya kosa lake, mara nyingi hujibu kwamba shetani alimpitia. Jibu hili lasikika barazani na mahakamani kote kinakosemwa Kiswahili, wala wilaya za Karagwe na Kyerwa hazikusalimika nalo. Mwanasarufi akilipima ataona kwamba mtenda ni shetani. Mkosaji amekuwa mtendewa tu, kiambishi kidogo kilichobanwa katikati ya kitenzi. Je, mafundisho ya Kikristo yalilipokeaje jibu la namna hii katika nchi hiyo?

Hapana budi tuanze kabla ya Biblia. Speke alipofika kwa Mfalme Rumanyika mwaka 1861, biashara ya Pwani ilikwisha kufika Karagwe, na Stanley, mwaka 1876, aliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu katika kituo chao cha Kafuro. Kiswahili kilichopita njia hiyo kilikuwa na neno shetani, lililotoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa neno la Kiebrania lenye maana ya mpinzani au mshtaki. Lakini Waswahili walikuwa wamekwisha kulipanua. Kwao shetani ni adui wa imani, na pia ni pepo apandaye kichwani na kutulizwa kwa ngoma. Na aliyepagawa hahesabiwi kuwa mkosaji, bali mgonjwa. Neno lililohifadhi vizuri zaidi habari ya jaribu la ndani ni wasiwasi, ambalo asili yake ni mnong'ono wa Ibilisi moyoni. Leo limebaki na maana ya mashaka tu, na wachache wamkumbuka aliyenong'ona.

Katika Karagwe neno hilo likakutana na ibada ya kina Wamara na Mugasha, ambayo wafuasi wake huitwa embandwa. Kubandwa, kupagawa, kupitiwa: vitenzi vyote vitatu ni vya kutendwa. Kwa hiyo si ajabu kwamba wahubiri wengi waliwahesabu kina Wamara kuwa mashetani. Kwa maoni yangu hesabu hiyo ilikuwa ya haraka mno, maana embandwa huingizwa katika ibada kwa taratibu zake na kwa kuridhia, ilhali shetani wa msemo wetu huja bila kualikwa.

Wamisionari wa Bethel walianza kazi Bukoba mwaka 1910. White Fathers walikuwa wametangulia tangu mwaka 1892. Kila upande ulikuja na Sala ya Bwana, na Kiswahili cha sala hiyo kikatofautiana mahali penye uzito. Waprotestanti husema majaribu, Wakatoliki kishawishi. Jaribu laweza kutoka kwa Mungu, kama Ibrahimu alivyojaribiwa. Kishawishi ni kitu chenye kuvuta, na mtu huvutwa na kile ambacho moyo wake umekwisha kukipenda, kama Waraka wa Yakobo, sura ya kwanza, unavyofundisha juu ya tamaa. Tena Waprotestanti huomba kuokolewa na yule mwovu, Wakatoliki kuopolewa maovuni. Huko ni nafsi yenye kiashiria, huku ni mahali. Hakuna aliyekosea tafsiri: neno la Kigiriki katika uhusika huo lina umbo moja kwa mtu na kwa kitu, na la Kilatini vilevile. Ajabu ni kwamba Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, ikieleza ombi hilohilo, yasema uovu huo ni nafsi, yaani Shetani. Na Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, pamoja na ibilisi, yautaja ulimwengu na mwili wetu wenyewe. Basi kila kanisa lafundisha darasani kile ambacho sala ya jirani yake yakitamka.

Nyuma ya maneno haya kuna ugomvi mzito. Mwaka 1524 Erasmus aliitetea hiari ya mwanadamu. Mwaka uliofuata Luther alimjibu kwamba utashi ni kama mnyama wa kupandwa, na mpandaji ni Mungu au Shetani. (Mtu aliyelelewa karibu na embandwa angeuelewa mfano huo upesi kuliko mwanafunzi wa Wittenberg.) Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulifundisha kwamba tamaa hubaki baada ya ubatizo, lakini yenyewe si dhambi mpaka mtu airidhie, na mwaka 1547 ukatamka kwamba hiari, ingawa imedhoofika, haikuzimika. Walutheri na Wakatoliki hawakutia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki hadi mwaka 1999, na hata humo suala la tamaa lilihitaji maelezo ya pekee.

Hata hivyo, kwa mkulima wa Karagwe, lililoligusa jibu la mkosaji lilikuwa jambo jingine, yaani Uamsho. Ulianza Gahini, Rwanda, ng'ambo ya mto Kagera, katika miaka ya 1930, ukaenea mpaka kwa Walutheri wa Bukoba na Karagwe. Waamkaji walitubu mbele ya watu, wakataja dhambi moja moja, wakarudisha vitu vya wizi. Kisarufi hayo yalikuwa mapinduzi: aliyeiba husema niliiba, wala haachi nafasi ya mtenda mwingine. Shetani hakukanushwa hata kidogo. Alihubiriwa kwa nguvu. Ila aliondolewa katika sentensi ya toba, na hapo waamkaji walikaribia sana kitubio cha Wakatoliki ambacho baba zao walikikosoa.

Siku hizi nchi hiyo ina Dayosisi ya Kilutheri ya Karagwe, tangu mwaka 1979, na Jimbo Katoliki la Kayanga, tangu mwaka 2008. Biblia ya Habari Njema, iliyotafsiriwa kwa ushirikiano wa makanisa, imemchagua yule Mwovu na majaribu. Mkatoliki wa Kyerwa huyasoma hayo katika kitabu hicho nyumbani, kisha Jumapili husimama kanisani na kuomba aopolewe maovuni.